Goti la Mke Wangu

Mke wangu aliungua wakati wa kukaanga korosho. Zile nzuri zilikuwa zimeshakwenda ghalani. Hizi zilikuwa zile za chini zinazobaki nyumbani, ambazo kila nyumba huku Malolo inazikaanga yenyewe, nyingine za kula, nyingine za kuuza pale stendi ya Ruangwa. Anayeijua kazi hii anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta, na mafuta yale yakishika moto yanawaka kama petroli. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: unatoboa bati, unaliweka juu ya mafiga, unamwaga korosho, unakoroga kwa fito ndefu mpaka moto uwake juu ya bati lenyewe, halafu unazimwaga mchangani. Ameifanya tangu msichana. Siku hiyo alirudi nyuma kukwepa moshi, akajikwaa kwenye gogo la kuni, akashika ukingo wa bati asianguke. Bati likaja naye. Akakalia korosho zinazowaka, mguu wa kulia umejikunja chini yake.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nachonga mpini wa jembe. Jioni niliandika kwenye daftari langu kwamba nilikimbia mara moja. Nikiyasoma maneno hayo leo siyaamini sana. Nakumbuka pia kwamba niliweka panga chini kwanza, tena nililiweka vizuri, makali yakiangalia ukutani. Mtu anayekimbia mara moja haweki panga hivyo. Lakini labda mkono ulifanya wenyewe, sijui.

Mafuta ya ganda la korosho yananata. Ukimwaga maji yanateleza juu tu. Mama mkwe alipaka ute wa yai, jirani akapaka dawa ya meno, na mimi nilishika ndoo. Baadaye watu wa hospitali walitugombeza kwa hayo mayai, na walikuwa na haki. Lakini na mama mkwe alikuwa na haki yake, maana alimwona mwanawe anaungua na yai ndilo lililokuwa karibu.

Tulimpeleka Nachingwea, siyo Ruangwa, kwa sababu moja tu: dada yangu anaishi Nachingwea mjini, na mgonjwa anahitaji mtu wa kumpikia uji. Hospitali yenyewe sitaitaja. Hawakutufanyia ubaya wowote. Walimsafisha kidonda, wakawa wanakifunga kwa gozi, vile vitambaa vyepesi vya hospitali, zenye dawa, siku baada ya siku, na kila walipobandua gozi ya jana mke wangu alikuwa anang'ata khanga. Kigimbi kikaanza kupona pembeni. Nyuma ya goti hapakupona. Palikuwa na shimo jekundu kubwa kama kiganja changu, na siku moja nilipoangalia kwa bahati mbaya niliona kitu cheupe kama kamba ndani yake. Muuguzi akasema ni mshipa wa kukunjia goti. Tangu hapo nikawa naangalia dirishani wakati wa kufunga.

Muuguzi huyo alikuwa mama mmoja aliyeletwa kikazi kutoka Bukoba. Mkali wa maneno, mikono laini. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba anakuja daktari bingwa wa upasuaji, atakaa siku chache tu, na kwamba jina la mke wangu ameliweka la mbele.

Bingwa alikuwa bado kijana kwa sura, ana sauti ya chini. Alikiangalia kidonda muda mrefu, akainyoosha miguu ya mke wangu, wa kushoto ukalala kitandani wote, wa kulia ukagoma. Halafu akaniita pembeni, akanionyesha benchi.

"Kaa. Wewe ni mkulima?"

"Korosho kidogo na ufuta."

"Ngozi ya mbuzi umeshawahi kuiona imeachwa juani bila kuwambwa?"

"Nimeiona. Inajikunja."

"Basi. Kidonda cha mkeo kitafunga, usiogope hilo. Mimi naogopa namna kitakavyofunga. Kitavuta. Kikishamaliza kuvuta, goti halitanyooka tena."

Akatoa kwenye mkoba wake pakiti bapa. Ndani, kwa mbele pale panapopitisha mwanga, niliona kitu cheupe chembamba kama sponji iliyokatwa na wembe. Akasema huo ni utando. Unalazwa ndani ya kidonda kirefu, hautolewi tena. Nyama mpya ya mgonjwa inapanda humo ndani, kama kunde zinazotambaa zinavyoparamia fito, na kadiri nyama inavyopanda ule utando wenyewe unayeyuka, unaisha, mpaka fito haipo na kunde zimesimama. Baadaye wanachukua ngozi nyembamba pajani, wanaipandikiza juu. Goti linabaki laini, linakunja na kunyooka.

Nikamwuliza swali ambalo naona lilikuwa la kijinga. "Na mwili hauukatai?"

"Umetengenezwa ili mwili usiukatae. Mwili unaupokea kama ndugu yake."

Nilifikiri moyoni: mwili umekubali, bado ukoo.

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kunicheka. Sisi watu wa huku, mtoto ni wa upande wa mama. Mimi ni mume, nimekuja kuoa, nimejenga kwao Malolo, nalima kwao. Mke wangu akiumwa naweza kumbeba, kumwosha, kumlilia. Lakini mwenye mgonjwa ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Kumpasua, kumhamisha, hata kumzika, neno ni lake. Nami siwezi kujifanya kwamba naonewa, kwa sababu kwetu Marambo mambo ni hayohayo. Mpwa wangu alipotaka kuolewa, baba yake mzazi alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, na watu wote walikuwa wananisubiri mimi. Nilifurahi kusubiriwa. Kwa hiyo kila nikianza kumlaumu mjomba wa mke wangu, nakuta najilaumu mwenyewe kwa jina lingine.

Daktari alimwuliza mke wangu kwanza, haki hiyo naisema. Ni mtu mzima, saini ni yake. Mke wangu akasema, "Mjomba aje kwanza."

Daktari akanigeukia. "Na wewe?"

Muuguzi akadakia, "Nyie watu wa huku mna mambo. Kwetu mume akisema, imekwisha."

"Ndiyo maana mmekimbilia huku," mke wangu akamjibu, na muuguzi akacheka mpaka akashika kitanda.

Walipoondoka nikamkalia karibu. Nikamwambia naweza kuweka saini mimi, mjomba tutamweleza baadaye, ni mtu mwelewa.

"Nikifa kwenye hiyo sindano ya usingizi," akasema, "nani atapokea maiti?"

"Huwezi kufa kwa goti."

"Sijasema nitakufa. Nimeuliza nani atapokea. Wewe utanipeleka Marambo? Watakuja kunidai, mtagombana juu ya jeneza, na mama yangu katikati. Mwite mjomba."

Nikatoka nje na simu.

Mjomba alikuwa shambani kwenye ufuta, mahali ambapo simu inashika mtu akipanda juu ya kichuguu tu. Ilibidi mtu atumwe. Alifika kesho yake kwa bodaboda, kanzu imekunjwa kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee mfupi, mkimya, asiyependa kusikia neno mara mbili. Kiswahili anakiongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alimsalimia mpwa wake kwa Kimwera, akaweka kiganja juu ya paji lake, akakaa. Hata daktari alipokuja hakuinuka. Akaomba kuiona hiyo pakiti, akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa.

"Hii imetokana na nini?"

"Ngozi ya ng'ombe, mzee. Inasafishwa sana, inabaki nyuzi zake tu."

"Siyo nguruwe?"

Nilimwangalia daktari mdomoni. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme hapana, mara moja, kwa sauti kubwa.

"Kwenye boksi wameandika ng'ombe," akasema. "Ziko za nguruwe pia duniani, hiyo nisikufiche. Hii wameandika ng'ombe. Lakini mimi kiwandani sikuwepo."

"Na huyo ng'ombe alichinjwa na nani?"

"Hilo sijui, mzee."

Mjomba akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyelipwa sawasawa. "Umesema kweli. Ungeniambia 'mzee usiwe na wasiwasi,' ningekukatalia hapahapa. Kitu hiki kitabaki ndani ya mwili wake, anaswali nacho, anazikwa nacho. Niache nikaulize."

Daktari akamwambia chumba cha upasuaji ni kesho asubuhi, na kesho kutwa yeye anaondoka. Nikasema yuko sheikh hapahapa mjini, msikiti si mbali. Nilisema kwa adabu, nadhani. Mjomba akaniangalia.

"Mkwe, sheikh wa hapa simjui, naye hanijui. Nikimwuliza jambo la mtoto wangu, atamjibu mtu asiyemjua. Nakwenda Ruangwa kwa yule aliyenifundisha. Nitawahi."

Akapanda bodaboda ileile, akarudi barabarani. Nilimsindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia, na nilimwamini. Mtu asifikiri kwamba alikuwa anakwepa. Barabara ile kwa mgongo wa mzee si mchezo, naye aliipita mara mbili siku moja.

Asubuhi hakuwa amefika. Nilipiga simu yake, yule dada wa kwenye simu akaniambia haipatikani. Nilisimama getini. Kila bodaboda iliyokuja na kanzu moyo uliruka, na Nachingwea kanzu ni nyingi. Baadaye tulikuja kujua kwamba sheikh wake alikuwa kwenye mazishi, na mjomba alikwenda huko mazikoni, akakaa na watu, akasubiri amalize. Nani atamwita sheikh kutoka kaburini amwulize habari za ngozi ya ng'ombe?

Bingwa alikuja wodini amevaa zile nguo za kijani. Akatueleza wote wawili, bila hasira. Zile pakiti alizokuja nazo zimetumika, kimebaki kipande kimoja kikubwa. Pakiti ikishafunguliwa haifungwi tena, kwa hiyo hawezi kugawa nusu leo nusu siku nyingine. Na wodi ya wanaume kuna mwalimu aliyeanguka na pikipiki njia ya Nambambo, mfupa wa muundi uko wazi. Mfupa ukikaa wazi unakufa. Mwalimu ameshakubali.

"Nawauliza mara ya mwisho. Mkisema ndiyo sasa, ni cha mama, mwalimu nitamtafutia njia nyingine. Yeye mama ndiye wa kwanza kwenye orodha."

Mke wangu akaniangalia mimi, si daktari. Nilitaka aseme ndiyo. Sura yangu naamini ilikuwa inasema hivyo, lakini sura yangu si ya kutegemea, watu wengi wameniambia. Akageuka.

"Mjomba amesema atawahi," akasema. "Nikikubali sasa nitakuwa nimemwita mwongo. Mpe mwalimu."

Daktari akasema, "Haya, mama," akatoka.

Mjomba alifika adhuhuri. Aliingia wodini anahema, na kabla hajasalimia akasema, "Inafaa. Amesema inafaa. Ya ng'ombe inafaa, na hata ingekuwa ile nyingine, pasipo na njia nyingine na mtu anaharibika, inafaa." Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Akatafuta mahali, akakaa. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya kitanda.

"Mjomba," mke wangu akasema, "wamempa mtu mwingine."

"Nani?"

"Mwalimu mmoja."

"Mwalimu wa wapi?"

"Anafundisha Nambambo. Kwao Songea." Akameza mate. "Mngoni."

Msomaji wa kwetu anajua, Wangoni ni watani wetu, tangu enzi zile walizokuwa wanakuja na mikuki wanachukua vyakula na watu. Mzee akainuka, akakung'uta kanzu, akaniambia, "Mkwe, nionyeshe wodi ya wanaume." Nikaogopa. Nikatangulia.

Mwalimu alikuwa ametoka kuzinduka, macho hayajatulia, mguu umefungwa mpaka gotini. Mjomba akasimama miguuni pa kitanda.

"Wewe Mngoni. Babu yako alikuja kwetu akachukua ghala la mtama, akaondoka. Wewe umekuja kuchukua ngozi ya mpwa wangu."

Mwalimu akapepesa macho. Ulimi ulikuwa mzito bado. "Shikamoo, mtani," akasema. "Sikujua ina mwenyewe."

"Marahaba. Pona basi. Usipopona tutakuwa tumepata hasara mara mbili."

Akamwekea ndizi mbili kwenye kabati, zile alizokuwa amemletea mpwa wake, akatoka. Kwenye korido aliegemea ukuta. Sikuona kama alilia. Alifunika uso kwa mkono wa kanzu, na vumbi lilikuwa jingi, kwa hiyo siwezi kusema.

Bingwa alipoondoka, daktari wa palepale alifanya alichoweza. Alichukua ngozi pajani akaipandikiza moja kwa moja. Juu ya kigimbi ilishika. Nyuma ya goti, pale palipokuwa na shimo, ilishika pembeni tu, katikati ikawa nyeusi, ikatoka na gozi. Alitueleza kwamba ngozi nyembamba haikai juu ya mshipa mtupu, inahitaji kitanda cha nyama chini yake. Ndicho kitanda ule utando ungetandika. Aliyasema bila kutulaumu, na nilitamani atulaumu kidogo ili nipate cha kubishia.

Wakatupa banzi la kufungia mguu ukiwa umenyooka, na mazoezi. Tulipoona banzi lao linamuumiza kisigino, fundi seremala wa Malolo alichonga lingine la mninga, akalizungushia kipande cha godoro. Kazi yangu ikawa kila asubuhi na kila alasiri kukaa naye kwenye mkeka, kuweka mguu wake juu ya mapaja yangu, mkono mmoja juu ya goti, mwingine kwenye kisigino, na kubonyeza. Muuguzi alinionyesha: bonyeza taratibu, hesabu kimya, usiachie akipiga kelele, achia akinyamaza.

Hapigi kelele. Ananitukana. Ananitukana kwa Kimwera, kwanza mimi, halafu baba yangu, halafu Marambo yote na visima vyake. Mama mkwe akipita anasema, "Mwanangu, mtoto wa watu huyo." Anamjibu, "Basi njoo ubonyeze wewe." Mama mkwe anakwenda zake. Nikiona matusi yamekuwa mafupi najua nimebonyeza vya kutosha. Kuna siku nilibonyeza kidogo kwa sababu nilimhurumia, na kuna siku nilibonyeza sana kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Ipi ilimsaidia sijui. Kidonda kilifunga mwishowe. Kilifunga kama daktari alivyosema.

Leo chini ya goti lake, akiwa amelala chali, ngumi yangu inapita bila kugusa kitu. Anatembea kwa ncha ya mguu wa kulia. Chooni anashika kamba niliyofunga kwenye nguzo. Anaswali amekaa kwenye kigoda, na hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, kwamba anapoinama wenzake wanakwenda chini na yeye anabaki juu, anaona visogo vyao. Shambani anakwenda, lakini akifika amechoka kazi haijaanza.

Mwalimu alikuja kututembelea baada ya mavuno ya ufuta. Alishuka kwenye pikipiki na jogoo amefungwa kwenye usukani, mwenyewe anatembea wima kama sisi wote. Mke wangu alikuwa kwenye kigoda anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Mngoni, umekuja kuchukua nini safari hii? Ngozi imekwisha."

"Nimeleta, sijachukua."

"Jogoo mmoja kwa ngozi nzima. Hata babu yako alikuwa na aibu kuliko wewe."

"Babu yangu alikuwa hapimi. Mimi ni mwalimu, nimepima. Goti lako na jogoo vinalingana."

Wakacheka. Kisha mke wangu akasema, bila kucheka tena, "Hebu nione." Mwalimu akakunja suruali. Pale kwenye muundi palikuwa pameng'aa kidogo, pana rangi nyepesi kuliko kwingine, lakini ngozi ilikuwa ngozi, inasogea ukiigusa. Mke wangu aliigusa kwa kidole kimoja. Alikipitisha kutoka juu mpaka chini. Mwalimu aliangalia mwembe wa jirani, na mimi nilimwangalia jogoo.

"Ni laini," mke wangu akasema. "Unaipaka nini?"

"Mafuta ya mgando."

"Paka ya nazi. Usiniharibie."

Mwalimu akashusha suruali. Nilipomsindikiza mpaka kwenye pikipiki aliniambia kwamba siku ile hakuambiwa kitu, kwamba angejua asingekubali. Nikamwambia angejua angekubali vilevile, mfupa ulikuwa nje, na mimi ningekuwa yeye ningekubali. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilipobaki peke yangu njiani niliona ukweli haukunisaidia kitu.

Juzi daktari wa Nachingwea alipiga simu. Bingwa anarudi, na safari hii anakuja na utando wa kutosha. Amemkumbuka mke wangu, ameuliza yeye mwenyewe habari za yule mama wa goti. Lakini mambo si yale ya mwanzo. Sasa kidonda hakipo, lipo kovu. Itabidi kovu likatwe, goti linyooshwe kwa nguvu, kidonda kifunguliwe upya chote, kirefu kama kilivyokuwa, ndipo utando ulazwe. Miezi mingine ya gozi. Nikamwuliza kama atapona kabisa. Akasema wengi wananyooka. Nikamwuliza na wasionyooka? Akasema wapo. Ni mtu mkweli na huyu pia. Nimekutana na watu wakweli wengi katika jambo hili, mpaka nimechoka.

Nikaenda kwa mjomba kumpa habari. Nilimkuta anasuka kamba kibarazani. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuacha kusuka.

"Mkwe," akasema, "mimi nilishasema. Nilisema vizuri, nikasema nimechelewa. Safari hii sisemi. Sema wewe."

"Mzee, mimi si mwenye mgonjwa."

"Nimekupa. Nani atakuuliza, na mwenye mgonjwa ni mimi?"

Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Siku ile hospitalini ningelitoa kila kitu nipewe. Nilikuwa nalijua la kusema, lilikuwa mdomoni. Sasa nimepewa, nami nimeangalia kila pembe, sioni lolote. Nikisema ndiyo, nitakaa dirishani tena nikisikia zile gozi zikibanduliwa, na pengine goti lisinyooke. Nikisema hapana, nitakuwa nimemfunga kwenye kigoda kwa uoga wangu mwenyewe.

Alasiri tulikaa mkekani kama kawaida. Bado nabonyeza, ingawa muuguzi alisema kovu likishakomaa kubonyeza hakusaidii sana. Nikamweleza yote: utando, kovu, mjomba.

"Kwa hiyo neno ni lako," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Na unasemaje?"

Ameishi nami miaka mingi, na swali hilo juu ya mwili wake hajawahi kuniuliza. Nilishika kisigino chake. Nikamwambia sijui. Nikamwambia kwamba goti ni lake na maumivu ni yake, aseme yeye, nitamfuata.

"Mimi nilishasema mara moja," akasema. "Nilisema mpe mwalimu. Umeona nilivyojua kusema."

"Ulisema vizuri."

"Vizuri kwa mwalimu."

Mimi sikubonyeza, nilishika tu. Nikamwambia daktari anasubiri jibu, akijibiwa hapana nafasi yake atampa mwingine, kuna mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto. Mke wangu akauliza mtoto huyo ana umri gani. Nikasema sikuuliza. Akasema ungeuliza.

"Bonyeza," akasema. "Unashikashika nini?"

Nikabonyeza. Goti lilishuka kidogo, likafika pale linapofikaga, likagoma. Nikangoja matusi. Hakutukana. Aliangalia tu mkono wangu pale juu ya goti, kana kwamba anasubiri mkono ndio useme.